Gego la Kaka Kisiki

Mume wangu alipata uwaziri kwa sababu ya meno ya watu. Sisemi kwa kumdharau, nasema ilivyokuwa. Siku nchi ilipopata uhuru, wakoloni waliondoka na wataalamu wao wote na nusu ya funguo, na Bwana Subira, kiongozi wetu mpya, akakaa kitako kutafuta watu wa kuunda serikali. Waliosoma walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mkunga akapewa Afya, na hilo kila mtu alilielewa. Mpima ardhi akapewa Fedha, kwa kuwa alijua kugawanya. Mume wangu, daktari wa meno pekee katika nchi nzima, akapewa Mambo ya Majimbo.

"Kwa nini majimbo?" nilimwuliza Bwana Subira alipokuja nyumbani kuleta habari hiyo.

"Dada, mumeo amezunguka kila jimbo na mkoba wake wa vyuma," akasema. "Hakuna mtu mwenye sauti nchini ambaye mumeo hajamwingiza vidole mdomoni. Mtu aliyekuondolea maumivu, utamchukia?"

"Wako wanaomsalimia kwa mbali mpaka leo," nikasema.

Lakini walikuwa wameshapeana mikono, na mume wangu alikuwa ameshaanza kusimama kiwaziri, tumbo mbele. Watu walimwita Koleo tangu zamani, na hata uwaziri haukulifuta jina hilo. Huyo Subira naye hakuwa na subira yoyote. Aliitwa hivyo kwa kuwa katika mikutano ya kudai uhuru alimaliza kila hotuba kwa kusema, "Subira, ndugu zangu." Alipoingia madarakani akawa mtu wa kutaka kila kitu jana.

Serikali ikaanza kazi katika jengo la zamani la posta, maana ndilo lililokuwa na paa zima. Mawaziri walikaa nyuma ya yale madirisha ya nyavu. Ukitaka Waziri wa Kilimo unakwenda dirisha la Telegramu, ukitaka Sheria unakwenda dirisha la Hundi. Sisi tulipata chumba cha vifurushi, chenye mizani kubwa ya chuma iliyokuwa imefungiwa sakafuni na kwa hiyo haikuibwa. Meza haikuwepo. Viti havikuwepo. Koleo akaona afadhali alete kile kiti chake cha kung'olea meno, chenye pedali na mahali pa kuegemeza kichwa, na humo akawa anakaa Waziri wa Mambo ya Majimbo, miguu ikining'inia.

Basi na wagonjwa wakakifuata kiti. Ungefanya nini? Jino halijui kama umeteuliwa. Asubuhi wakawa wanaingia wenye meno, na baada ya chai wanaingia wenye majimbo, na siku nyingine ilikuwa vigumu kujua nani ni nani, kwa sababu wote waliingia wamekunja uso. Mimi niliyekuwa msaidizi wake, wa kushika vichwa vya watu na kuchemsha vyuma, nikawa pia katibu wa wizara. Nilipiga taipu kwa vidole viwili, na beseni la kutemea lilikuwa chini ya meza ndogo niliyoileta kutoka nyumbani.

Sasa lazima niwaambie tabia ya mume wangu, kwa sababu ndiyo iliyotaka kutuvunjia nchi. Mtu anapokaa kwenye kile kiti, mdomo umejaa pamba na vyuma, Koleo humwuliza maswali. "Inauma? Haiumi. Ulipiga mswaki jana? Hukupiga. Tuling'oe? Tuling'oe." Anauliza, anajibu, anaendelea. Miaka yote aliyofanya kazi amezungumza na watu walioachama, na amezoea mazungumzo ya namna hiyo, na kwa kweli anayapenda. Halafu kabla hajashika jino humwambia mgonjwa, "Ukiumia, inua mkono." Mgonjwa akiinua mkono, Koleo husema kwa upole, "Tunakaribia kumaliza," na kuendelea kuvuta.

Nilimwuliza siku moja, "Kama husimami, mbona unawaambia wainue mkono?"

"Mkono ukiwa juu," akasema, "haunishiki mimi."

Kwenye baraza la mawaziri akaingia na tabia hiyohiyo. "Je, majimbo yako tayari kwa sheria moja? Yako tayari. Kuna pingamizi? Hakuna." Wenzake walimpenda sana, vikao vyake viliisha mapema. Serikali ilikuwa changa, mambo yalikuwa mengi, na kila mtu pale alikuwa anajifunza kazi huku anaifanya. Mtu anayejibu maswali yake mwenyewe alionekana ni baraka.

Jimbo la Milimani ndilo lililotuharibia raha. Tangu uhuru, watu wa huko walikuwa wamelaza gogo kubwa katikati ya barabara, pale mlima unapoanzia, na kila lori lililopita lilisimamishwa na kupekuliwa mpaka chini ya viti. Madereva wakachoka, wakaacha kwenda. Mbao hazikushuka mjini, mafuta ya taa hayakupanda mlimani. Posta yote ilijua sababu: Milimani wanataka kutoza ushuru wao wenyewe, wanataka kuwa nchi ndani ya nchi. Na majimbo mengine yalikuwa yanaangalia. Ilisemekana huko magharibi walikuwa wameshakata gogo lao tayari, wanangoja tu kuona la Milimani litafanywa nini.

Na Mkuu wa Jimbo la Milimani ni kaka yangu. Si kaka wa kuitana tu, kaka wa tumbo moja, ambaye baba alipofariki alinilea, akanisomesha, akanifundisha kuendesha baiskeli kwa kunisukuma mteremkoni na kufumba macho. Watu wanamwita Kisiki, kwa sababu akishakaa mahali hang'oki. Siku ya posa alimtazama Koleo juu hadi chini akasema, "Yaani dada yangu nimpe mtu anayewaumiza watu na bado wanamlipa?" Tangu hapo wakawa mashemeji wa kutaniana bila huruma, na wakapendana kwa njia hiyo hiyo.

Siku moja Bwana Subira akaingia chumba cha vifurushi na karatasi mkononi. Akasema gogo lisipoondoka kwa maneno litaondoka kwa askari, na Kisiki atakamatwa. "Hati ya kumkamata lazima isainiwe na waziri mhusika," akasema, bila kuniangalia.

Waziri mhusika ni mume wangu. Nilikuwa napiga taipu, vidole vikaganda juu ya herufi. Mambo ya serikali yote niliyachukulia kama mchezo mpaka hapo. Kumbe inawezekana, nikawaza, nikalala usiku na mtu aliyemfunga kaka yangu, na asubuhi nikampa chai. Niliogopa, sitaficha.

"Tumwite kwanza," Koleo akasema haraka. "Aje tuzungumze. Shemeji yangu ni mtu wa kusikia."

Kisiki akashuka, na alipoingia nikajua kuna jambo. Alikuwa amejifunga skafu nzito ya sufi kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, fundo likasimama juu ya kichwa.

"Shemeji!" Koleo akamkaribisha. "Umefungwa vizuri hivyo, tukupime kwenye mizani tukutume ng'ambo?"

Siku nyingine yoyote Kisiki angemjibu neno ambalo lingemfanya Koleo akae wiki nzima akitafuta la kurudisha. Siku hiyo alimtazama tu, akanong'ona kitu kama "baridi," akakaa ukingoni mwa kile kiti. Baridi gani, na jua lile? Kaka yangu aliwahi kujificha ghalani siku nzima alipokuwa mdogo kwa sababu babu alitaka kumtoa jino la utoto kwa uzi. Haogopi chui, haogopi polisi, anaogopa kuachama mbele ya mtu mwenye chuma. Na Koleo aliliona hilo shavu lililovimba chini ya skafu, mtu wa meno asilione? Aliniambia baadaye kwamba aliona haya kumwuliza Mkuu wa Jimbo mbele ya Bwana Subira, "Shemeji, una jino bovu?" Wote wawili wakawa na adabu, na adabu nayo ina madhara yake.

Kikao kikaanza. Kwa heshima ya mgeni, Koleo alisimama, akawa anatembea kati ya kiti na mizani.

"Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo," akasema kwa ile sauti yake laini ya kazini, "Milimani ni sehemu ya nchi hii? Ni sehemu. Barabara ni mali ya taifa? Ni mali ya taifa. Huu ushuru wenu, ni halali? Si halali, na wewe unajua."

Kisiki akainua mkono.

"Tunakaribia kumaliza," akasema Koleo.

Nikakohoa. "Bwana Waziri, mgeni ameinua mkono."

"Nimeuona, katibu. Tunakaribia. Sasa, hilo gogo mnalihitaji kweli? Hamlihitaji. Mko tayari kuliondoa? Mko tayari."

Hapo Kisiki akasimama na kupiga meza yangu kwa kiganja. Kishindo kile kikampanda mkononi mpaka taya, nikamwona macho yanamtoka machozi, akainama, kichwa kikaenda chini polepole mpaka fundo la skafu likamwelekea Bwana Subira. Na Bwana Subira, ambaye alikuwa na haraka ya kuona mtu anainama, akaruka akapiga makofi.

"Amekubali! Kiungwana kabisa!"

Kabla chai haijapoa redio ilikuwa imeshatangaza. Jimbo la Milimani limekubali kuondoa kizuizi, nchi ni moja, wimbo wa taifa. Nilimwangalia kaka yangu ukutani alipoegemea. Sijawahi kuona mtu anayetaka kutukana kiasi kile na hawezi kufungua mdomo.

Jioni alikuwa kwenye kochi letu, skafu imefunguliwa, shavu limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Simu ikalia, Koleo akaipokea, na sisi tukasikia upande wake tu.

"Wameongeza gogo la pili? ... Na mawe? ... Wanasema nani amewauza? ... La, Bwana Subira, yuko hapa kwangu, amekaa ... Askari waondoke kesho saa sita mchana? Hati nisaini asubuhi?"

Akaweka simu chini, naye akakaa chini, juu ya kiti ambacho kilikuwa na paka. Wananchi wa Milimani walikuwa wamesikia redio na kuamini kwamba mkuu wao amekwenda mjini kuwauza kwa chakula cha mchana. Sasa hata askari wasipomkamata, kwao hakurudiki.

Nikalipuka. Nilimwambia mume wangu mambo ambayo mke mwenye adabu husema kwa mafungu, mimi niliyatoa yote kwa mara moja. Nilimwambia kwamba hajawahi kumwuliza mtu swali tangu nimjue. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu, sisi wengine tunakaa tu tumeachama. Kwamba serikali nzima imeambukizwa, wanakaa kwenye madirisha ya posta wanajiuliza nchi inataka nini na kujijibu, halafu wanashangaa nchi imekasirika.

Koleo akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Mimi huwa najijibu? Hapana bwana, sijijibu."

Kisiki akacheka kwa puani, kicheko kikamuuma, akashika shavu na kupiga kochi ngumi. Na mimi nikacheka, nikilia. Koleo peke yake hakucheka. Alikaa akiangalia mikono yake, na nikaona midomo yake inatembea, kama anarudia maneno ya kile kikao moja baada ya jingine.

"Kesho asubuhi na mapema," nikasema, "utaling'oa hilo jino. Kisha mtu huyu atasema alichokuja kusema. Hati baadaye."

Kisiki akatikisa kichwa, hapana. Akaelekeza kidole kwenye mkoba wa Koleo pale pembeni, akatikisa tena.

"Kaka," nikamwambia, "nilipokuwa na homa ukinibana pua ninywe dawa chungu, ulisemaje? Mficha maradhi kifo humfichua. Sasa ni zamu yako. Kichwa nitakishika mimi mwenyewe."

Alinikodolea macho, kisha akafunga skafu yake upya kwa hasira, na hiyo ndiyo namna yake ya kukubali.

Asubuhi tuliwahi posta kabla ya wenye meno wengine. Kisiki alikaa kwenye kiti cha waziri, ameshika mikono ya kiti kana kwamba kinataka kuruka. Nikakiweka kichwa chake kifuani kwangu. Koleo akampiga sindano ya ganzi, akatuambia wazi kwamba penye usaha ganzi haishiki sawasawa, kwa hiyo atavumilia kidogo.

"Ukiumia, inua mkono," akasema, kwa mazoea.

Akaingiza koleo, akalishika gego, akaanza kulitikisa. Mkono wa Kisiki ukapanda juu papo hapo.

"Tunakari..." akaanza Koleo.

Kisha akasimama. Sikumwambia kitu, nilimtazama tu. Akakitoa chuma mdomoni, akakiweka kwenye trei, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Subira, hati mkononi, nyuma yake ofisa wa jeshi ambaye kofia yake ilikuwa bado na lebo ya dukani.

"Bado tu?" akasema Bwana Subira. "Askari wako kwenye malori."

"Mgonjwa ameinua mkono," akasema Koleo.

"Basi mwambie aushushe!"

"Ataushusha mwenyewe."

Sikuwahi kumpenda mume wangu kama dakika ile. Tukangoja. Nje, kwenye madirisha, tulisikia watu wakipanga foleni, mmoja anatafuta Kilimo na mwenzake anamwambia yuko foleni ya Sheria. Ofisa akatazama viatu vyake. Bwana Subira akapumua kwa nguvu. Kisiki alikuwa ameachama, mkono juu, na macho yake yakahama kutoka kwa Koleo kwenda kwa Bwana Subira na kurudi. Aliinua mkono mbele ya serikali na serikali imesimama. Nadhani aliuacha juu zaidi ya ilivyohitajika, kwa kuonja tu.

Halafu akaushusha, akafumba macho. Koleo akavuta, na gego likatoka na mizizi yake yote, na usaha ukafuata ambao sitausimulia, kwa kuwa wengine mnasoma mkila.

Alisukutua, akatema, akasukutua tena. Akashika shavu, akapima taya kushoto na kulia. Neno lake la kwanza lilitoka na damu kidogo.

"Sikukubali."

"Tunajua," Koleo akasema. Akavuta beseni langu, akamwaga yaliyomo kwenye ndoo, akaligeuza juu chini, akakaa juu yake mbele ya mgonjwa wake. "Shemeji, lile gogo ni la nini?" Na akafunga mdomo. Nilimwona anavyohangaika kuufunga, shingo ilimkaza, lakini aliufunga.

"La kuzuia watu," akasema Kisiki.

"Ushuru..." akaanza Bwana Subira.

"Ushuru gani? Nani alisema ushuru? Sisi hatujawahi kutamka neno hilo. Nyinyi ndio mnalisema redioni kila siku!" Akafuta mdomo. "Tulikuwa na nesi mmoja. Mmemchukua, yuko hapa, sijui anafanya wizara gani. Mwalimu mkuu mmempa ubalozi. Fundi wa mitambo ya maji, aliyekuwa akitupandishia maji mlimani, nimemkuta jana hapo dirisha la Stempu, amevaa tai, anagonga mihuri! Kila mtu wetu aliyejua kazi mmemwita kuja kujenga taifa. Sawa, taifa lijengwe, lakini na sisi ndani yake tumo au hatumo? Tukaona waliobaki tuwawekee gogo. Tunafunua maturubai ya malori, hatutafuti bidhaa. Tunamtafuta mwalimu wa hesabu. Ameshajaribu kutoroka, tulimkuta katikati ya magunia ya viazi na cheti chake."

Bwana Subira akatafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa hapakuwepo, akakaa juu ya mizani ya vifurushi, mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Mbona hamkusema?" akauliza.

"Mlituuliza?"

Naomba mnielewe, Bwana Subira hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nchi yenye majimbo mengi na wasomi wachache, kama mama mwenye shuka moja na watoto sita, akiwafunika hawa wale wanapigwa na baridi. Alikaa pale kwenye mizani akiitazama ile hati, kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Rudisha askari kambini," akamwambia ofisa. Ofisa akatoka mbio, naamini kwa furaha, maana hata yeye alikuwa fundi seremala mpaka mwaka uliopita.

Niliketi sakafuni hapohapo nilipokuwa. Kaka yangu hatafungwa, mume wangu hatasaini, na mimi sitalazimika kuchagua meza ya nani nile. Nikafuta uso kwa pamba ya wagonjwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kupatana, na walipatana kama watu wa sokoni. Kisiki alitaka tangazo jipya la redio, vinginevyo hawezi kurudi kwao. Bwana Subira akasema serikali changa haiwezi kutangaza kwamba imekosea, labda mwakani. Koleo akasema, "Nitatangaza mimi. Nitasema Milimani hawakukubali, nilijijibu mwenyewe. Ni kweli, na ni fupi." Likapita. Fundi wa maji akaruhusiwa kurudi; tulipomwita kumwambia, alivua tai palepale. Nesi akaruhusiwa. Mwalimu wa hesabu akaachwa achague mwenyewe, mradi asafiri kwa kukaa kitini.

"Na huyu," akasema Kisiki, akimwonyesha Koleo kwa kidole.

"Huyu ni waziri!" akasema Bwana Subira.

"Huyu ni daktari wa meno. Alikuwa anapanda kwetu kila baada ya mavuno. Tangu apewe uwaziri hajapanda hata siku moja. Unadhani mimi peke yangu ndiye mwenye skafu? Jimbo zima limefunga skafu! Mtu mwenye jino bovu utamweleza habari za umoja wa taifa? Mkimrudisha huyu, akae kwetu, awe anazungukia majimbo mengine kutokea huko, magogo yote mawili naondoa mimi kwa mikono yangu."

Bwana Subira akafikiri kidogo sana. "Koleo amekubali," akasema.

"Mwache ajibu," nikasema kutoka sakafuni.

Wakamgeukia. Mume wangu alikuwa bado amekaa juu ya beseni, koleo likiwa mapajani. Nilijua anachokiona kichwani, kwa sababu na mimi nilikiona: gari jeusi lenye bendera ndogo, nyumba yenye bomba la maji moto, watu wanaosimama tunapopita. Tulikuwa tumeyazoea hayo kwa haraka ya aibu. Kisha, mbele ya kiongozi wa nchi na Mkuu wa Jimbo, akanigeukia mimi.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

Nikangoja ajibu. Ndivyo nilivyozoea, nami nilishaanza kuinuka nikaoshe vyuma. Hakujibu. Alinitazama tu, nyusi juu, kama mtu ambaye kweli hajui kitakachofuata, na nikatambua kwamba miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimemlaumu haniulizi, wala sikuwa nimeandaa jibu hata moja. Nilihisi kulia, na nilihisi hasira pia, kwamba imechelewa hivyo.

"Tutakwenda," nikasema. "Lakini sitakwenda kushika vichwa."

"Hutaki kush..." akaanza, akajikamata.

"Nimeshika vichwa vya nchi hii vyote. Najua jino linavyotoka, najua linavyokatika, najua mtu anavyopumua kabla hajazirai. Nchi nzima ina mng'oa meno mmoja, na leo mnagombana nani amchukue, na hakuna hata mmoja wenu aliyefikiri kwamba wanaweza kuwa wawili. Nataka unifundishe. Nataka mkoba wangu na vyuma vyangu, na mlangoni kuwe na majina mawili."

"Mungu wangu," akanong'ona Kisiki, akashika shavu lile lingine.

Bwana Subira akatazama saa yake, akaanza kusema kwamba hilo ni jambo zuri na linaweza kuzungumzwa na kamati. Koleo akainua kiganja kumnyamazisha, bila kumgeukia, macho yake yakiwa kwangu.

"Endelea," akaniambia. "Hujamaliza."

Kweli sikuwa nimemaliza. Nilikuwa na mengine ya nyumbani, na mengine ya wizara, na moja kuhusu ile taipureta. Nikamwinua Kisiki kwenye kile kiti, nikapanda mimi, nikaegemeza kichwa vizuri, na serikali ikasimama mbele yangu ikanisikiliza mpaka nikamaliza.